Poda ya Mwaka Jana

Kuna picha yangu kwenye simu za watu ambayo sikuifuta, na sitamwomba mtu aifute. Nimesimama uani kwa mama mkubwa, Butembo, mashariki mwa Kongo, sufuria ya sombe, yale majani ya mihogo, iko miguuni, na kichwa changu ni cheupe kwa poda ya watoto wachanga. Mdomo wangu uko wazi, macho nimeyafumba, na mkono wa mama unaonekana juu, ukiwa bado unamwaga. Chini ya picha mtu aliandika: "Poudre ya bule." Poda ya bure. Watu nisiowajua waliicheka kutoka Kayna hadi Oicha, na nasikia wengine hawajamaliza kucheka. Basi wacheke. Mimi nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu wao walikuwa na picha tu.

Kwetu, anayepita mtihani wa taifa wa mwaka wa sita wa sekondari humwagiwa poda. Matokeo yakitoka, vikopo huisha madukani kabla ya jioni. Mama humwagia mtoto wake, jirani humwagia, hata mwenye moto, yaani pikipiki, anayepita husimama akaomba kidogo ajipake. Vijana hukimbia barabarani wakiwa weupe toka nywele hadi mabegani, mashati ya shule yameandikwa kalamu kila upande. Vumbi la Butembo ni jekundu, kwa hiyo mweupe huonekana toka kilima cha pili. Aliyeanguka hubaki ndani, na wapita njia huuliza kwa sauti ya chini, "Ule wa hapa, yeye hapana?" Halafu huenda zao. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya simu. Simu zilipokuja, poda isiyopigwa picha ikawa haihesabiki.

Sikuzaliwa Butembo. Nyumbani ni Oicha, karibu na msitu, ambako baba alikuwa na shamba la kakao. Mwaka nilioanza huo mwaka wa sita, wauaji waliingia vijiji vya jirani zetu mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Shule yetu ikajaa watu waliokimbia, wakalala juu ya madawati, masomo yakasimama. Tulitembea kwa miguu hadi Beni, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Kutoka Beni, dereva mmoja Mwislamu aliyezoea kubeba kakao ya baba alitupandisha kwenye lori lake, akatupa mkate, na hakutuuliza kitu hadi tulipofika. Baba alibaki. Alisema kakao haina miguu ya kukimbia, na yeye hawezi kuiacha peke yake.

Niliingia shule ya Butembo wakati wenzangu walikwisha kusoma wiki sita. Nilipewa nafasi kwenye dawati la nyuma kabisa, ambako walikaa wengine waliokuja na vita: kijana mmoja wa Luofu, msichana mmoja wa Kayna. Hatukuulizana sana. Mtu aliyetoka kule unamjua anavyoshtuka mlango ukigongwa kwa nguvu.

Darasa lilikuwa na kundi lake kwenye simu. Mwenye kundi alikuwa msichana wa dawati la mbele ambaye sote, walimu nao, tulimwita Première, kwa sababu tangu alipoanza shule ile hakuwahi kuwa wa pili. Kila mwisho wa kipindi, wiki kadhaa za masomo, mwalimu alibandika karatasi ya pointi mlangoni. Première aliipiga picha, akachora duara jekundu kwa kila aliye chini ya hamsini, akaituma kwenye kundi. Dakika mbili baadaye vilijaa vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Zamani karatasi ile ilikaa mlangoni wiki moja, mvua ikaichana, mambo yakaisha. Sasa ilifika kwa shangazi yako Beni kabla hujavua viatu.

Kipindi changu cha kwanza nilikuwa wa arobaini na moja kwa watu arobaini na watatu. Oicha nilikuwa wa tatu, wa nne. Nataka hilo lijulikane, ingawa najua kulitaja ni kujisifu.

Siku karatasi ile ilipotumwa, kundi lilikuwa limeanza asubuhi na picha nyingine. Usiku uliopita watu walikuwa wameuawa karibu na kwetu, na mtu alituma maiti zikiwa zimelazwa kando ya barabara, bila kufunikwa hata mmoja. Wote walizituma hivyo siku zile. Nilikaa kwenye ngazi ya shule nikikuza picha kwa vidole viwili, natafuta kitenge ninachokijua, natafuta miguu ya baba. Sikuwa nimemaliza kutafuta, simu ikalia. Ilikuwa karatasi ya pointi, na jina langu ndani ya duara jekundu.

Baba alikuwa mzima, tuliambiwa saa sita. Lakini naomba mtu anieleze, nani kati ya waliocheka lile duara aliuliza nilikuwa natafuta nini kwenye picha za juu yake? Hakuna. Na kibaya zaidi, na mimi niliwaamini. Nilijiona mjinga. Nilianza kusema mwenyewe, kabla mtu hajasema, kwamba mimi kichwa yangu ni ya shambani. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, nilinyamaza, maana niliona bora kunyamaza kuliko kukosea mbele ya simu arobaini.

Na uongo nao niliufanya. Butembo ina nyumba za wafanyabiashara zenye ghorofa na milango ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu. Jumapili, baada ya misa, wasichana walisimama mbele ya milango hiyo wakapigana picha, wakaziweka kwenye simu zao kana kwamba wanatoka ndani. Mimi pia nilisimama. Nilishika kitabu kinene cha kemia nilichoazima, nikageuza uso kidogo, nikatabasamu kama mtu aliyeshiba. Mlinzi wa nyumba alitufukuza na fagio. Kwenye picha fagio halionekani.

Mtihani niliufanya. Sitasema niliufanya vizuri, ila niliufanya, na nilipotoka siku ya mwisho nilifikiri labda.

Siku ya matokeo mtandao ulikuwa wa kukamatia juu ya ukuta. Unatuma namba yako ya mtihani, unapaswa kujibiwa asilimia. Siku hiyo mji mzima ulituma kwa wakati mmoja na hakuna aliyejibiwa. Nilikuwa uani natwanga sombe. Saa tisa kasoro, kundi likalia. Ilikuwa orodha, imechapwa vizuri, jina la shule juu, majina yetu yote na asilimia zetu. Première, sabini na tisa. Wa Luofu, sitini na moja. Wa Kayna, sitini na tatu. Mimi, sitini na nane.

Mtu mwenye akili angeshtuka hapo hapo. Darasa lililokuwa na maduara mekundu kumi na tisa, leo limepita lote? Lakini nani huangalia namba za wengine akishaona yake? Nilipiga kelele. Mama alitoka jikoni akidhani nimejipiga na mchi.

"Nimepita, mama. Soixante-huit."

Mama hakusoma shule. Aliniangalia mdomoni. "Soixante-huit iko mingi?"

"Iko mingi."

"Inapita hamsini?"

"Inapita mbali, mama."

Alikimbia na kandambili moja. Aliporudi alikuwa na kopo la poda na nusu ya mtaa nyuma yake. Alinimwagia na vigelegele, akaimba wimbo wa Kinande, lugha yetu, anaoimbaga akipalilia, akabadilisha maneno akaweka jina langu. Binti wa mama mkubwa alipiga picha, akaituma kila mahali alipoweza. Kwa saa mbili nzima nilikuwa mtu. Naikumbuka ile hali mwilini, jinsi mabega yalivyoshuka. Sikuwa nimejua kwamba mwaka mzima nimeyapandisha.

Saa kumi na moja mtandao ulifunguka na jibu la kweli likaingia. Nilikuwa nimeanguka.

Mama alikuwa anacheza. Majirani walikuwa wanampigia makofi. Nilisimama na simu mkononi, poda inaniingia machoni, na sikumwambia mara moja. Nilimwacha amalize wimbo.

Asubuhi picha yangu ilikuwa na yale maneno chini yake, poudre ya bule, na ilikuwa imepita kwenye mikono nisiyoijua. Wengine wa darasa letu walioanguka pia walikuwa wamemwagiwa siku ile. Lakini kwenye picha yangu kulikuwa na furaha ya mama, ule mkono, ule mdomo wangu wazi, na nadhani watu wanapenda kucheka pale furaha ilipokuwa kubwa zaidi. Mama alijaribu kutoonyesha aibu. Alifagia ua mara mbili asubuhi hiyo, poda ikakataa kutoka kwenye mashimo ya udongo.

Baba alipiga simu siku ya tatu. Simu yake ilikuwa ndogo ya vibonyezo, haionyeshi picha, lakini mnunuzi mmoja wa kakao alikuwa amemwonyesha picha yangu, mweupe kichwani, na baba alikuwa amewaita wenzake wote pale depo wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi.

"Nasikia haiko kweli," alisema.

"Haiko kweli, papa."

Nilisikia watu wakipima magunia nyuma yake.

"Ile poudre, muliimaliza?"

"Ilibakia nusu."

"Mufunge kopo muzuri. Poudre haiozaka."

Akakata. Nilikasirika nikalia, nikidhani na yeye ananicheka. Mama alichukua kopo, akalifunga kwa mfuko wa plastiki na uzi, akaliweka juu ya kabati la mama mkubwa.

Ndipo likaja shauri la kunipeleka Beni. Mama aliona nikasome kwa shangazi, dada yake baba, katika shule ambayo hakuna anayenijua. Nilikubali haraka. Nilikuwa tayari hata kuacha shule kabisa, nishone nguo, niuze mkaa, chochote ambacho hakipangwi kwa namba mlangoni. Sikumwambia mama hivyo. Nilifunga nguo zangu nikaenda.

Wiki ya pili Beni, shangazi alinituma kusaga mihogo kwenye mashine. Pale kwenye mashine kila mtu ni mweupe. Mwenye mashine ana kope nyeupe, wamama walio kwenye mstari wana nywele nyeupe, watoto migongoni wana pua nyeupe. Nilikuwa nimemwaga mihogo yangu ndani, unga umenirukia kichwani, niliposikia kicheko nyuma yangu. Msichana wa umri wangu alikuwa ameshika simu, anaangalia simu, ananiangalia mimi.

"Eh! Hapana we njo ule wa poudre ya bule?" Akawaita wenzake. "Mukuye muone! Amepita tena!"

Akainua simu.

Mkono wangu ulianza kwenda kichwani kufuta unga. Naukumbuka mkono ule vizuri, kwa sababu niliuona kama wa mtu mwingine. Nilifikiri: nimetembea kwa miguu toka Oicha, nimepita mahali ambapo watu wamelala kando ya njia, na leo namkimbia nani? Mtoto mwenye simu? Nimekimbia wenye mapanga, sasa nakimbia picha? Hasira ilinipanda, hasira nzuri, ya kwanza tangu nilipohama kwetu. Nikashusha mkono.

"Piga muzuri," nikamwambia. "Hapo hauone uso. Kuya huku mbele. Na uandike nilianguka, hapana uandike nilipita. Nilianguka, na mwaka huu narudilia."

Hakupiga. Alirudisha simu kwenye mfuko akasema, "Lakini ulikuwa mchezo tu." Mwanamke aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari, mweupe hadi masikioni, alicheka, akanisaidia kunyanyua beseni. Nilifika kwa shangazi bila kujifuta, nikamwambia narudi Butembo.

Mama aliponiona nashuka na mzigo wangu alidhani kuna vita tena.

"Utasoma wapi?"

"Masomo ile ile. Banc ile ile ya nyuma."

"Batakucheka."

"Beni pia wananicheka, mama," nikasema, nikamweleza habari ya mashine. "Bora wanicheke hapa, kuko unga kidogo."

Hapo ndipo mama alipocheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya orodha.

Siku ya kwanza darasani nilikuta mtu amesaga chaki juu ya dawati langu, kilima kidogo cheupe katikati. Darasa zima lilikuwa limegeuka kunitazama, na simu tatu au nne zilikuwa tayari. Niliweka begi chini. Nilichovya kidole kwenye chaki ile nikaandika juu ya mbao, kwa herufi kubwa: PODA. Halafu nikakaa. Yule kijana wa Luofu, ambaye naye alianguka na kurudi, alikuja akakaa kushoto kwangu. Wawili waliokuwa wamefika toka upande wa Oicha wiki ile walikaa kulia. Kufikia Novemba tulikuwa sita, na hata mwalimu, akitaka kuliita dawati letu, alisema, "Banc ya Poudre, nani atajibu?" Na tulijibu. Tulikosea pia, kwa sauti kubwa.

Kwenye kundi jipya la darasa sikuingia. Baada ya masomo tulikutana uani kwa mama mkubwa, jua likiwa bado lipo, na vitabu vya maswali ya miaka iliyopita vilivyochakaa. Simu zote ziliingia kwenye sufuria, kifuniko juu, jiwe juu ya kifuniko. Mmoja alisoma swali, wengine walijibu kwa vidole: kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, hivyo hivyo. Sheria ilikuwa moja, na niliitunga mimi: anayetaja pointi zake, au za mwenzake, anachota maji chemchemini, madumu mawili. Kijana wa Luofu alichota maji sana mwezi wa kwanza. Alikuwa amezoea kujitukana kwa namba. "Mimi wa trente-huit kama mimi..." alianza kusema, yaani thelathini na nane, na sote tulimwonyesha madumu.

Sitaki mtu adhani mwaka ulikuwa laini. Kulikuwa na siku za mji kufungwa, maduka yote chini, matairi yanawaka njia panda, hakuna shule. Kulikuwa na wiki ambazo Beni ililia risasi na sisi Butembo tulikaa tukipiga simu zisizopokelewa. Baada ya Noeli baba alishindwa hata yeye. Waliokwenda shambani jirani yake hawakurudi, akafunga nyumba, akaja Beni na jembe moja. Tulipoongea aliniuliza mambo mawili tu, kama nakula na kama kopo bado limefungwa.

Siku chache kabla ya Pasaka, Première alikuja nyumbani. Nilikuwa sijamwona tangu mwaka uliopita. Alikuwa amekonda na amefunga kitambaa kichwani kama mama wa watoto wanne. Nilibaki nimesimama mlangoni, sikumpa kiti.

"Nakuya kukuambia kitu," alisema. "Ile liste, ni mimi."

Sikuelewa haraka. Akaeleza akitazama vidole vyake vya miguu. Siku ile kila mtu kwenye kundi alikuwa anamwuliza yeye, Première, umepata ngapi, tuma yako. Mtandao haukujibu. Aliogopa hadi akatapika. Akakaa akachapa orodha, akajipa sabini na tisa aliyotaka, na kwa kuwa hangeweza kujipa peke yake, akatupa sote.

"Nilisema tufurahi kidogo mbele ya ile ya kweli. Nilisema nitaifuta. Kisha bakaanza kutuma mapicha ya poudre."

"Mama yangu alikimbia na kandambili moja," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hilo kati ya yote.

"Najua. Niliona picha."

"Na yale maneno ya chini?"

"Yale hapana mimi. Nakuapia."

Nilimwuliza yeye alipata ngapi, na nilipokuwa nauliza nilijua navunja mwenyewe sheria yangu. Alisema hamsini na tano. Alikuwa amepita! Alikuwa na diploma, kitu nilichokuwa nakiota, na alisema hamsini na tano kana kwamba anataja ugonjwa. Alitoka kwenye makundi yote siku ile ile. Mama yake alikuwa amenunua kopo wiki mbili mapema, akamwomba akubali kumwagiwa hata kidogo, naye akajifungia chumbani hadi kopo likapewa mtoto mchanga wa jirani. Chuo hakwenda. Kila akitoka, alisema, mtu atamwuliza.

Ningependa kuandika kwamba nilimsamehe pale pale. Sikumsamehe. Nilimwambia, "Mwaka muzima ulikuwa unatuzungushia duara ya rouge. Sasa umeona namna inaumizaka. Enda." Akaenda. Jioni hiyo nilichota madumu mawili, na wenzangu walipouliza kwa nini, sikuwaambia.

Mtihani ulifika. Siku nne. Sitaieleza, maana mtihani ni mtihani. Siku ya nne, saa saba mchana, tulitoka nje ya kituo pamoja, sisi sita wa dawati la poda, macho mekundu kwa kusoma. Nje ya lango kulikuwa na wazazi, wenye moto, wauza maandazi, wadogo wa watahiniwa. Na mama alikuwa pale mbele kabisa, na kando yake baba, aliyepanda lori toka Beni asubuhi bila kuniambia. Mama alikuwa ameshika ule mfuko wa plastiki.

Alikata uzi kwa meno.

"Mama," nikasema, "matokeo haiyatoka."

"Najua."

Mwanamke mmoja mwenye mwavuli aliingilia. "We mama, uko na akili? Banamwangaka poudre siku ya matokeo! Hautajua kama amepita!"

Mama alimgeukia. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile mbele ya watu wa mji. "Mutoto yangu alitoka Oicha na miguu. Balimucheka Butembo, bakamucheka Beni, na amerudilia kukaa pa kiti ile ile. Matokeo ya nini ningali nangoja? Hii poudre si ya pointi. Ni yake."

Akamwaga. Baba akachukua kiganja, akampaka kijana wa Luofu ambaye hakuwa na mzazi pale. Kisha wale wengine. Simu ziliinuka kila upande, bila shaka, na nilisikia mtu akisema, "Ni ule! Ni ule wa mwaka jana!" Safari hii nilifumbua macho.

Hapo nilimwona Première. Alikuwa kando ya ukuta, amekuja kumngojea mdogo wake aliyefanya mtihani, kitambaa kimeshushwa hadi kwenye nyusi ili asijulikane. Aliponiona namtazama aligeuka kuondoka. Nilichukua kopo mkononi mwa mama. Lilikuwa limebaki robo hivi. Nilivuka barabara, na nilipomfikia alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Mimi hapana," alisema. "Mimi nilipata cinquante-cinq tu."

"Sikukuuliza."

Nilimvua kitambaa. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri, mistari imenyooka, mtu alikuwa bado anamsuka kwa upendo. Niligeuza kopo nikaligonga chini mara tatu, poda yote ikashuka.

"Hii ni yako ya mwaka jana," nikamwambia.

Alilia kwa sauti, kama wanavyolia wasichana wanaomwagiwa kwa wakati wake. Nyuma yangu simu zilikuwa zimefika. Aliinua mikono miwili kujificha uso, nami nikaishika, nikaishusha.

"Wacha bapige."

Matokeo yalitoka wiki kadhaa baadaye na nilipita. Kwa asilimia ngapi, anajua mama, na amekwisha kusahau. Sasa mimi ni mwalimu, wanafunzi wangu huniuliza, wazazi huniuliza, hata mkuu wa shule aliniuliza siku ya kwanza. Namba siwaambii. Nikiwa na muda nawaonyesha picha aliyonitumia mtu nisiyemjua siku ile ya lango: wasichana wawili weupe kichwani, mmoja amemshika mwenzake mikono, na kopo tupu chini.